Neno Nililoliondoa Kwenye Ubeti

Mwanangu Rukia,

Assalamu alaykum. Salamu ndefu nimeziruka, maana uko chumba cha pili na nakusikia unagombana na zipu ya begi. Mimi niko baraza ya nyuma. Alasiri imeshaswaliwa, maji yanakupwa, na mama yako anakaanga visheti vya safari kwa hasira, utadhani visheti ndivyo vilivyokutafutia kazi Kigoma. Kesho asubuhi unakwenda Dar, na jioni treni inakuchukua. Nimekaa na karatasi hii tangu mchana, na nilichopata kuandika mpaka sasa ni hicho tu.

Maelekezo sina. Mama yako amekupa yote: maji ya kunywa, chandarua, usikae karibu na mlango wa behewa, usimwambie mtu kwamba unasafiri peke yako. Atakayoyasahau atayakumbuka ukiwa umefika Morogoro, na atakupigia simu. Mimi nina jambo moja, nalo ndilo linalonishinda.

Jana tulipomaliza kula ulikuja ukachuchumaa mbele ya kiti changu, ukanishika mkono, ukasema, "Baba, naomba radhi yako."

Nikakujibu, "Siku hizi maji yanakupwa mapema."

Ukanitazama. Ukangoja. Mimi nikaendelea na habari ya bamvua na maji mafu, nikaingiza na mwezi, kana kwamba wewe uliyesoma uvuvi pale Mbegani unahitaji kufundishwa kupwa na kujaa na mzee asiyejua hata kutega dema. Mama yako akaita uje utoe vyombo. Ukainuka, ukasema, "Haya baba," na wala hukununa. Ungenuna ningepata cha kulaumu. Tangu hapo nimekuwa nikizunguka nyumba kama mtu aliyepoteza miwani.

Unajua kwetu mambo yalivyo. Mtoto anayesafiri huomba radhi, na mzazi husema kwa mdomo wake, nimekuridhia. Neno lenyewe ni moja, halihitaji kipaji wala sauti nzuri. Bibi yako mzaa mama, ambaye hakuwa msemaji hata kidogo, aliwaridhia watoto wake wote huku anachambua mchele. Mimi niliyeitwa kwenye kila harusi na kila maulidi kuanzia hapa mpaka Mkange, mimi ndiye limenikwama.

Nataka nikueleze kwa nini, ila sina hakika kama najua. Nivumilie nikipotea njia.

Watu wa mtaa wananiita mshairi mstaafu, na wanacheka, kwa sababu hawajapata kusikia ushairi una kustaafu. Ualimu nilistaafu, hilo linaeleweka, nikapewa saa ya ukutani ambayo haikuwahi kwenda sawa. Lakini ule usiku wa maulidi nilipopewa kipaza sauti nikasema, "Jamaa, mimi basi, mpeni kijana mwingine," hakuna aliyenielewa. Sheikh aliponiuliza nilimwambia koo. Mama yako nilimwambia nimechoka kusifiwa, akaguna, maana ananijua. Wewe uliponiuliza nilikwambia maneno yamekwisha. Sababu zote tatu ni kweli kidogo kidogo. Iliyo kweli kuliko hizo ilikuwa ya kaka yako Seif, na hiyo sikumwambia mtu.

Siku Seif anaondoka kwenda Maskati ulikuwa bado shule, lakini utakuwa unakumbuka. Mlango wa mbele umejaa watu. Mama yako ameshika chetezo, udi unafuka, mjomba wenu ameinua msahafu juu kijana apite chini yake. Seif akapita, akapiga goti, akanishika mkono. "Baba, naomba radhi yako." Nami nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa nimetunga. Nikasimama nikatoa beti zangu, na nakwambia bila haya, sijawahi kusoma vizuri kama siku ile. Bahari ilikuwemo, nyota zilikuwemo, na upepo na mkono wa mama. Wanawake walilia. Watu wakaitikia mashallah, vijana wakanyanyua simu wanarekodi. Gari ikapiga honi, Seif akanikumbatia, akaondoka. Nikabaki pale napokea pongezi kama bwana harusi.

Ilipita Ramadhani, ikapita Idi mbili, kisha akapiga simu. Mambo yake yalikuwa hayaendi. Duka alilofanyia kazi limefungwa, mgongo unamuuma, chumba analala zamu na wenziwe. Tukazungumza, nikamwambia subira, naye akasema, "Baba, mie hukuniridhia."

"Nini?"

"Siku ile mlangoni. Hukuniridhia. Ulinisomea shairi."

Nikacheka. Nikamwambia, "Seif, lile shairi lote lilikuwa ndiyo radhi yenyewe!"

"Lilikuwa na kila kitu, baba. Neno lenyewe halikuwemo. Mimi ninalo kwenye simu, nimelisikiliza mara nyingi. Kila kitu kikiniharibikia nalisikiliza tena, labda sikusikia vizuri."

Rukia, nililipitia kichwani ubeti kwa ubeti, simu iko sikioni, na mtoto ana haki. Neno halikuwemo. Kisha nikakumbuka jambo. Lilikuwemo! Nilipolitunga mara ya kwanza, kwenye ubeti wa tatu, niliandika nimekuridhia. Lakini vina vya mwisho vilikuwa vya "ni", na neno lile linaishia kwingine. Nikahangaika nalo, nikaligeuza huku na huku, likagoma. Nikaliondoa. Nikaweka nyota za angani, zikakaa sawasawa. Nakumbuka nilivyofurahi.

Nililisema pale pale kwenye simu. "Nimekuridhia, Seif." Akasema, "Hallo? Baba? Hallo?" Mtandao unakatika. Nikalisema tena, na tena, mpaka nikawa napiga kelele uani na jirani akachungulia juu ya ukuta. Mwisho akasema, "Nimesikia baba." Kisha salio lake likaisha.

Je, radhi iliyochelewa vile, ikapita kwenye mtandao mbovu, inafika? Nilimuuliza sheikh, nikijifanya namuulizia mtu mwingine. Akasema, "Mwalimu, radhi ni ya moyo." Nikarudi nyumbani nimetulia, na kabla sijavua viatu nikawa nimechafukwa tena. Kama ni ya moyo, mbona tunaiomba kwa mdomo? Moyo wangu ulimridhia Seif tangu siku anazaliwa, naye alikuwa Maskati anateseka kwa kukosa neno. Seif ana kazi nzuri sasa, alhamdulillahi, na kila ninapofurahi najiuliza kama ni kwa sababu ya ile simu au ni mambo tu ya Mungu, kisha najiona mjinga kwa kuyatenga hayo mawili.

Ukitazama vizuri, sikuanzia kwa Seif. Shamba la bibi yako mzaa baba kule Mapinga, lile lenye mikoche na kisima, ambalo wewe umelisikia tu kwenye hadithi. Ami zako walipotaka kulikata viwanja tuliitwa kikao. Kila mmoja aliulizwa ndiyo au hapana. Zamu yangu ilipofika nilisimama nikatoa utenzi wa kulililia shamba. Nilitaja kila mti. Ami yako mkubwa alilia mpaka akatafuta leso. Kisha akajifuta, akasema, "Basi, kwa kuwa hakuna aliyepinga," na likauzwa. Kweli, nilikuwa sijapinga! Nilikuwa nimeimba. Leo ukipita barabarani unaona kuta na mageti, na mkoche mmoja ulioachwa ndani ya uwanja wa mtu, ambao nikiuona nageuza uso.

Sikuandikii haya ili uniambie pole. Nakuandikia kwa sababu unakwenda mahali ambapo hutakuwa na mtu wa kukuambia unachofanya, na huenda nawe umerithi kitu hiki kutoka kwangu, hii tabia ya kuulizwa neno moja ukatoa mengi mazuri. Sidhani. Wewe umefanana na mama yako. Lakini ukijiona siku moja unaeleza sana, simama kidogo ujiulize umeulizwa nini.

Na sasa nikuambie kinachonichanganya kwako wewe, kwa kuwa si kile cha Seif. Kwa Seif moyo uliridhia na mdomo ukasahau. Kwako mdomo uko tayari. Ningeweza kulisema jana ile ile, ukafurahi, tukanywa chai. Moyo ndio sikuwa na hakika nao. Nami niliapa baada ya ile simu kwamba neno hilo sitalisema tena kwa mtu kama halina kitu ndani yake.

Kwa nini moyo uwe na shaka? Nimejaribu kuwalaumu watu. Shangazi yako wa Mkange alikuja wiki iliyopita, hata kiti hajakipasha moto akaanza, "Mtoto wa kike, hana mume, mnampeleka Kigoma peke yake! Huku baharini samaki wamekwisha?" Nilimjibu kwa ukali kwamba wewe umesomea kazi hiyo na umeipata kwa haki yako. Alipoondoka nikagundua kwamba yale aliyosema nilikuwa nayafikiria mwenyewe, tena kwa maneno yale yale. Nikaona aibu. Kisha nikaona si hilo pia.

Nikajaribu kulilaumu ziwa. Utanicheka. Nimeishi miaka yangu yote kando ya maji yanayoondoka na kurudi. Nikiwa na huzuni najua saa sita zijazo pwani itakuwa nyingine. Wewe unakwenda kuishi kando ya maji yanayokaa pale pale, hayana chumvi, hayana kupwa. Nilikuuliza, "Sasa watu wa huko wanajuaje kama siku imekwenda?" Ukasema, "Wanatazama jua, baba." Jibu zuri kabisa, na halikunisaidia.

Nafikiri ni ule mlilana.

Unakumbuka? Shairi langu lililopendwa kuliko yote, ambalo walimu waliwakaririsha watoto, lilikuwa la ua la mlilana, ule mkoko wa mbele kabisa unaopokea bahari. Nilisema ua lake hucheka na jua. Watu wazima walinisimamisha barabarani kunisomea mstari huo. Wewe ulirudi siku moja kutoka chuoni, umevua viatu vya matope mlangoni, ukasema, "Shikamoo baba. Ua la mlilana haliujui mchana. Linafunguka magharibi, na asubuhi limeshapukutika." Nikasema marahaba, nikasema haiwezekani. Ukasema, "Twende." Hukunishinda kwa vitabu, ulinishinda kwa kunivuta mkono.

Tukashuka pwani upande wa Mbegani, maji yamekupwa, miguu inazama kwenye tope mpaka vifundoni, nami nalalamika njia nzima. Jua likawa linazama. Ukanionyesha kitumba kimoja, kijani, kimefumba. Tukasimama. Kikaanza kulegea polepole sana, zikatoka nyuzi nyeupe nyingi, laini, zikasimama kama nywele za mtoto mchanga. Nilikuwa nimeziona nyuzi hizo asubuhi nyingi zimeelea kwenye maji, na sikuwahi kujiuliza zinatoka wapi. Nilikuwa nalisifu ua nisilolijua, miaka yote hiyo, kwa sababu jua lilikaa vizuri kwenye mstari.

Nilitegemea kuona aibu. Nilichoona ni furaha, na bado sijui ilitoka wapi.

Adhana ikasikika kwa mbali. Tukatoka kwenye tope tukaswali pale mchangani, wewe nyuma yangu. Nikuambie jambo ambalo sijamwambia hata sheikh. Swala zangu nyingi, mwanangu, nimeziswali huku vidole vinahesabu mizani. Imamu yuko kwenye aya, mimi niko kwenye ubeti. Nilikuwa naomba msamaha baada ya salamu, na wakati naomba msamaha kuna mstari unanijia. Lakini magharibi ile niliposujudu hapakuwa na kitu. Hapakuwa na mstari, wala kina, wala sauti yangu. Palikuwa na harufu ya tope na mchanga ulionishika kwenye paji la uso. Tangu siku ile ndivyo ninavyoswali, kimya. Kuna siku naona huu ndio utulivu ambao watu wa Mungu wanausema. Kuna siku naogopa kwamba ni utupu tu, kwamba Mola alinipa kitu nikakirudisha kwa kiburi, na sasa amenyamaza na mimi nimenyamaza. Naamka nikiwa upande mmoja, nalala nikiwa upande mwingine. Ukipata jibu kule ziwani niambie, usiogope kwamba mimi ni mzee.

Tulipomaliza kuswali, tungali tumekaa mchangani, ndipo uliponiambia habari ya Kigoma. Mradi wa dagaa, wanataka mtu wa kuwafundisha kina mama kukausha bila kuoza, na siku ya mwisho ya kuomba imekaribia, na ulikuwa hujui kama ujaribu. Nikakwambia, "Omba."

Hivyo tu. Sikuongeza kitu. Ulinigeukia umeshangaa, maana umezoea nitoe hotuba. Kazi ilipokuja kweli ndipo nilipoanza kuyumba, nikasahau kwamba mimi ndiye niliyesema. Nimeyumba kwa sababu wewe ndiye uliyeniondoa kwenye maneno ukanionyesha ua, na ukiondoka naogopa nitarudi kwenye nyota za angani. Hiyo ndiyo hofu, nimeikamata sasa, wakati naandika. Haikuhusu mume, wala ziwa, wala treni. Nilitaka kukunyima radhi ili nibaki na mtu wa kunivuta mkono. Ni ubinafsi wa kawaida kabisa, na nilikuwa nauvalisha kanzu.

Basi yule aliyesema "Omba" pale mchangani, moyo mtupu, hajapata nafasi ya kujipamba, huyo ndiye baba yako. Huyu mwingine anayesema habari ya maji kupwa ni mzee tu mwenye hofu.

Umeniita. Zipu imekushinda. Nakuja.

Nimerudi.

Sikulisema, Rukia. Uliniona nilivyoingia. Nilikuwa nalo kabisa mdomoni. Nikalikalia begi wewe ukavuta zipu, ikafungika, ukacheka ukasema, "Baba bado una uzito!" Mama yako akaingia na visheti kwenye ndoo, akauliza nani amekanyaga mkeka na viatu, nikajikuta nasema zipu za siku hizi hazina ubora. Nikaeleza na zipu za zamani. Ulinitazama kama ulivyonitazama jana, ukangoja kama ulivyongoja jana. Kisha ukasema, "Haya baba."

Nimekaa tena hapa. Sijaelewa bado, mwanangu. Sijui kama Mungu yuko kimya au ni mimi nisiyesikia. Sijui utakula nini huko, utacheka na nani. Sijui nitamwuliza nani jina la mti. Nakupenda, na hilo silo neno uliloniomba. Nilikuwa nangoja kwanza nielewe ndipo niridhie, na naona sasa kwamba nikingoja hivyo utazeeka hapo mlangoni na begi lako.

Naweza kuliandika neno hapa. Ni rahisi sana kuliandika, kalamu yangu imeshaandika makubwa kuliko hilo. Ndiyo maana siliandiki. Kaka yako alibaki na sauti yangu kwenye simu, anaisikiliza akitafuta kisichokuwemo. Wewe sitaki ubaki na karatasi.

Kwa hiyo nafanya hivi. Naweka kalamu chini nakuja ndani. Mama yako akiwepo, awepo. Visheti vikimwagika, vimwagike. Nikishindwa tena nitarudi hapa kuandika sababu zangu, na nazijua, zitakuwa nyingi na zitakuwa nzuri. Barua nitakupa kesho mlangoni, uisome treni ikishaanza kwenda. Jina langu sitalitia chini kama ilivyo desturi, nimepaacha wazi. Ukifika hapa ukakuta chini ya mstari huu pako patupu, basi nimelisema kwa mdomo wangu, nawe umelisikia.